Miaka Inayompungua Bimkubwa

Jibondo, Mafia
14 Februari 2003

Apolonia mwanangu,

Salamu zangu zikufikie huko Muleba ukiwa mzima wa afya, na wote wa nyumbani wawe wazima. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Tena ndiyo habari yenyewe: sijambo kupita kiasi.

Nimeota jino. Nilidhani mwiba wa samaki umeninasa, nikalichokonoa hadi damu. Mize akanichungulia mdomoni kwa tochi, akasema, "Bimkubwa, hili jino." Na mvi zinatoka na chanuo. Chini yake panaota nywele nyeusi.

Unakumbuka nilivyoletwa hospitali Kilindoni. Wanawake wa Ndagoni waliokuwa wakienda shamba walinikuta kando ya makaburi, nimezungushiwa kitambaa cheupe, nakohoa. Sikuwa na jina, sikuwa na jana. Kila mtu alijua nimekuja kufa. Wewe, nesi wa wodi, ndiye uliyenilisha uji kwa kijiko, ukaniita Bimkubwa kwa kuwa hukujua uniite nani, na nilipopata nguvu ukanifundisha herufi hizi ninazokuandikia. Mize, aliyelala kitanda cha pili, akanichukua kwao huku Jibondo.

Sasa nazidi kunyooka, mwanangu. Jahazi linalotuletea maji ya kunywa likifika nabeba dumu kichwani mpaka nyumbani, mimi niliyekuwa siwezi kuinua kata. Watu wameanza kunitazama. Wewe umesoma. Kuna dawa?

Barua hii naipa boti ya hifadhi ya bahari. Wazee hapa hawataki hata kuwaona watu wa hifadhi kwa makatazo yao ya uvuvi, ila boti yao ina kasi.

Mama yako,
Bimkubwa


Muleba, Kagera
30 Machi 2003

Shikamoo mama,

Barua yako imenikuta salama. Huku mvua imetukamata vizuri, na migomba inapendeza. Mize hajambo? Mpe salamu zangu.

Nilimuuliza daktari mmoja, kwa kuzungukazunguka, kama mtu anaweza kuishi kinyumenyume. Akacheka. Sitamuuliza mwingine. Mimi nimekuona kwa macho yangu: ulipoingia wodini ulikuwa umejikunja, na siku niliyohamishwa ulinisindikiza mpaka bandarini bila mkongojo. Naona mwaka unaoniongeza mimi unakupunguza wewe. Dawa haipo, mama, kwa sababu ugonjwa haupo.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana. Nilipougua homa Kilindoni, mgeni, sina ndugu, ulikuja kunikanda kwa maji na kunibembeleza ninywe mchuzi, na wewe mwenyewe mikono inakutetemeka. Mungu alinipa mama siku uliyokohoa pale makaburini. Mimi namshukuru hivyohivyo, hata kama hakujulikani unakotoka wala unakokwenda.

Mwanao,
Apolonia


Jibondo
9 Juni 2007

Apolonia mwanangu,

Habari za siku nyingi? U mzima? Kazi haikuchoshi? Sisi wazima, shida yetu ni ileile ya maji.

Nina mambo mawili, na la kwanza la aibu. Nimeona damu. Ilikuja, ikakatika, mwezi uliofuata ikarudi. Tumbo linaniuma chini ya kitovu. Sijamwambia Mize. Naogopa nina kitu kibaya tumboni.

La pili ni Mfaume, kaka yake Mize, fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Mkewe alifariki zamani. Amekuja kuniposa. Nilimwambia, "Husikii watu? Wanasema mimi jini."

Akasema, "Nasikia."

"Na wewe wasemaje?"

"Nasema jini gani huyo anayepanga foleni ya maji, halafu akirudi analalamika shingo?"

Nikamweleza ukweli wangu wote, tangu makaburini. Akaweka randa chini, akasema, "Basi mimi nitazeeka na wewe utarudi utotoni. Katikati hapo tutakutana kidogo. Hicho kidogo nakitaka."

Lakini na damu hii, nitamdanganyaje mtu wa watu? Nijibu upesi.

Mama yako bado,
Bimkubwa


Muleba
2 Julai 2007

Shikamoo mama,

Natumaini hujambo. Nenda Kilindoni ukapimwe, nitatulia zaidi. Ila nimesoma barua yako mara mbili, nikacheka peke yangu ofisini mpaka wakaja kuniuliza. Mama, hiyo ni hedhi. Wenzako inawaaga, wewe inakukaribisha.

Mfaume anajua anachokitaka. Olewa.

Mwanao,
Apolonia


Jibondo
20 Novemba 2014

Apolonia,

Salamu kutoka kwangu na kwa mume wangu. Sijui tena nikuiteje. Nikitazama picha uliyonitumia, na nikijitazama kwenye kioo, tumelingana. Nani amwamkie mwenzie?

Simu tungeweza kupigiana, lakini mtandao hapa unapatikana juu ya jiwe moja tu, na haya si maneno ya kupigia kelele mbele za watu.

Nina mimba. Tumehangaika miaka na miaka, tukakata tamaa, na sasa imekuja. Mfaume akipiga msumari anaimba, akinyamaza anacheka. Mimi silali.

Nakuambia wewe tu. Njia yangu naijua: nitakuwa binti, nitakuwa kigori, nitakuwa mchanga, na siku ya mwisho sijui nani atanibeba. Wewe na Mfaume hamtakuwepo. Nilipojua nina mimba nikasema alhamdulillahi, huyu ndiye atakayenibeba. Halafu nikashtuka. Je, akifuata njia yangu? Mimi nilianza mzee, nikawa na mahali pa kurudi. Mtoto anayezaliwa mdogo, akirudi nyuma, anakwenda wapi? Si atapungua tu mikononi mwangu mpaka aishe?

Njoo, Apolonia. Ukiwa na likizo, njoo.

Pacha wako,
Bimkubwa


Muleba
3 Mei 2015

Bimkubwa mpenzi,

Nimefika salama kutoka huko kwenu. Mnaendeleaje? Kidonda chako cha uzazi kimekauka? Mtoto wetu Mwanasiti ananyonya?

Njia nzima nimekuwa nikiiona siku ile. Uchungu ulivyochukua muda, na wewe umenishika mkono hadi pete ikaniumiza kidole. Alipotoka hakulia. Nimezalisha watoto wengi, lakini kimya kile sitakisahau. Tulimsugua mgongo, tukamsugua, ndipo akapiga kelele wodi nzima wakamjua. Na wewe hata hukuuliza ni mke au mume. Uliniuliza, "Ana mvi?"

"Hana. Nywele nyeusi tii."

"Ana meno?"

"Mtoto gani anazaliwa na meno, Bimkubwa?"

Najua kilichokuvunja moyo ni mizani, ilipoonyesha amepungua. Nakurudia nilichokuambia pale kitandani: kila mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha huongezeka. Wa kwako hakupungua kuwazidi wengine. Ulinitazama kama mtu anayefarijiwa msibani. Iliniuma kukuacha vile, ila likizo ilikuwa imekwisha.

Mpeleke kliniki. Niandikie uzito wake.

Mwenzio,
Apolonia


Muleba
10 Agosti 2015

Bimkubwa,

Hamjambo? Niliandika Juni pia. Simu ya Mfaume haipatikani. Nikisikia mtoto analia hapa wodini nasimama nisikilize, kama vile nitamtambua.

Kama ni habari mbaya, iandike. Mimi ni mtu wako, si wa furaha tu.

Apolonia wako


Jibondo
26 Septemba 2015

Shikamoo dada,

Mara ya kwanza nakuamkia mimi. Ipokee, ni haki yako sasa. Natumaini u mzima, na Mungu anisamehe nilivyokuweka roho juu. Barua zako zote zimefika. Nilikuwa sina la kujibu, na simu nilimwambia Mfaume aizime, kwa kuwa ungeniuliza uzito.

Kliniki sikumpeleka. Niliogopa mizani. Kila asubuhi nilimpima kwa mkono wangu, nikamwona yuleyule. Leo nikisema kaongezeka, kesho naona kapungua. Mfaume aliniambia, "Mke wangu, unamtazama mno, humwoni." Tukagombana. Nilimfunga mtoto kifuani mchana kutwa, nikihisi kama ninayemshikilia asiondoke.

Idi ya kufuturu Mize alimshonea kigauni cha njano. Kilimpwaya, mikono ikamfika vidoleni. Nikakifua, nikakiweka. Juzi Idi ya kuchinja nikakitoa. Nilimpitisha kichwa, kikakwama masikioni. Nikavuta, akalia. Nikaupitisha mkono mmoja, mshono ukaachia. Mkono wa pili haukuingia kabisa. Nilikaa chini sakafuni, mtoto na kigauni shingoni, nalia. Mize akaja mbio, akadhani kumetokea msiba. Mfaume naye akaja, gundi mikononi.

"Kuna nini?"

Nikawaonyesha mkono wa mtoto tu, ulivyonona, umetokeza nje ya nguo.

Mfaume akaelewa kwanza. Akaketi palepale mlangoni, akafunika uso kwa mikono yake ya gundi. Mize mawazo yake yalikuwa bado kwenye ile nguo. "Aa, basi wifi, usilie kwa kigauni. Nitamshonea kingine."

Nikamwambia, "Kishone kikubwa, wifi. Mtoto huyu anakua."

Kesho tunampeleka Kilindoni kwenye mizani, kwa ajili yako. Mimi hainisumbui tena. Mungu amenipa mtu wa kunibeba, na mkono uliompokea ulikuwa wako. Ahsante, dada. Ahsante kwa uji, na kwa herufi, na kwa kuja.

Mdogo wako,
Bimkubwa, mama Mwanasiti