Nyawira wa Barafuni

Mama,

Umezaliwa juzi. Hospitalini Kerugoya, asubuhi, mvua ikipiga mabati mpaka binti yako Wairimu akashindwa kusikia kama mtoto analia. Ni binti yake wa pili, kwa hivyo zamu ilikuwa yako. Wa kwanza alibeba jina la mama mkwe wake kule Kutus, nawe ukanung'unika mwaka mzima kama mtu aliyerukwa kwenye foleni. Sasa tulia. Anaitwa Nyawira, kama wewe. Shemeji amempigia simu kila mtu aliye na namba yake. Watu wanacheka. Mimi nimekaa hapa Ruring'u, Nyeri, kwenye meza yako ya jikoni, naogopa. Hakuna wa kumwambia ila wewe, na wewe ndiye ninayemwogopa.

Unakumbuka siku niliyokupigia kutoka kule kusini mwa dunia, melini? Kazi yangu uliijua kwa namna yako. Majirani wakiuliza unasema, "Anawekea wanyama redio." Basi ni kweli. Tulikuwa tukishuka juu ya barafu, tunamlaza sili kwa dawa, tunamgundishia kifaa kichwani. Kila akitoa kichwa majini kupumua, kifaa kinatuma habari kwa setilaiti: yuko wapi, amezamia kina gani. Nilikueleza kwamba sili ni mnyama wa bahari ya baridi, mwili kama gunia la viazi vya waru, uso kama wa mbwa aliyenyimwa mfupa. Wa kwanza niliyemgundishia kwa mkono wangu alikuwa jike mkubwa, mkali, alitukoromea mpaka dawa ikamshinda. Wenzangu wakasema, mpe jina. Nikasema Nyawira. Nikacheka peke yangu, nikidhani nimekuletea heshima.

Halafu ukasema, "Kiragu. Watu wa rika yako wako na watoto, wamebeba jina ya mama zao. Mimi nimepewa mnyama."

Uliponiita Kiragu nilijua nimeharibu. Siku zote uliniita Baba, kwa sababu nilibeba jina la baba yako. Hata ukitaka kunichapa nikiwa mdogo ulianza kwa kusema, "Baba, nisamehe, lakini leo utaona." Kwetu mtoto hapewi jina la mtu ili akumbukwe tu. Ni mtu mwenyewe amerudi. Nilijua hayo yote, tangu tumboni nayajua, na bado nikalichukua jina lako nikaligundisha kwenye kichwa cha mnyama, nikamwachilia baharini. Ati mzaha!

Lakini ulivyokuwa, hasira yako haikuwahi kupika chakula cha siku mbili. Niliporudi nyumbani kufanya kazi ya ramani kutoka hapa, ulinijia mezani na kikombe cha chai ukauliza, "Niko wapi leo?" Hukusema yuko wapi. Ulisema niko. Nikakuonyesha nukta kwenye ramani. "Na nimekula?" Nikakwambia umezamia sana, bila shaka umeshiba. "Sawa basi," ukaenda kukamua. Ikawa ndiyo salamu yetu ya kila siku.

Asubuhi moja ukungu uliondoka, mlima ukaonekana wote dirishani, mweusi mpaka juu. Ulisimama ukiutazama. "Barafu ya Kirinyaga mliiangalia mpaka ikaisha," ukasema. "Sasa mmeenda kuangalia ya wenyewe." Kisha, ukiniwekea kikombe, kama mtu anayesema kuhusu sukari: "Huyo akipotea, hata mimi mtanitafuta."

Nilicheka, Mama. Woi, nilicheka.

Ulishikwa na nimonia mwezi ule wa baridi, jua likiwa halijaonekana Nyeri siku nyingi. Nukta nayo ilikuwa imenyamaza. Kule wakati huo ni giza mchana na usiku, sili anapumulia tundu dogo kwenye barafu, na habari hazitoki vizuri. Kimya kama hicho ni cha kawaida. Nilikwambia hivyo kitandani, kwa sababu ulikuwa umeuliza swali lako.

"Huku ni baridi," ukasema.

Nikakuongezea blanketi. Nilidhani unazungumza juu ya Nyeri. Ndilo neno lako la mwisho kwangu.

Tulikuzika. Watu wa tenti walikuwa bado wanapakia viti kwenye lori pale kompyuta ilipolia humu ndani. Nilikuja mbio. Nukta yako ilikuwa imerudi. Tata Wangechi, mdogo wako, alinifuata akaona juu ya bega langu, na yeye hahitaji kufafanuliwa ramani. "Dada yangu hajalala," akasema. "Bado anazunguka. Na ni wewe unamzungusha." Tangu siku hiyo haingii nyumba hii. Nikimkaribisha, anakunywa chai mlangoni, amesimama.

Wairimu naye alikuwa na mimba tayari, unajua. Akaanza kunipigia kutoka Kutus kila asubuhi. "Mama yuko wapi leo?" Mara ya kwanza nilifurahi. Baadaye nikasikia sauti yake inatetemeka. Akaniambia wazi kwamba kama ni msichana, hatampa jina lako mpaka ajue mwisho wa yule mnyama. "Nikimpa, halafu huyo azame? Itakuwaje?" Nikamwambia ni mnyama tu, Wairimu, tumia akili. Niliongea kwa sauti kubwa kama mtu anayepita makaburini.

Mvua za vuli zilipokaribia, nukta yako ilisimama. Ulikuwa umepanda juu ya barafu karibu na pwani ya kule na huzamii tena. Maana yake ilikuwa moja tu: umezaa. Wairimu alipiga ngemi na vigelegele kwenye simu mpaka nikaondoa sikio. Nikampigia Tata pia, akasema, "Haya," akakata.

Halafu nukta ikaanza kutembea.

Ilitembea polepole, kuelekea bahari wazi, lakini kifaa kilisema hujagusa maji. Nilitazama nikatazama tena. Mama, sili juu ya barafu hatembei hivyo. Ni barafu ndiyo iliyokuwa ikitembea. Ilikuwa imekatika kabla ya wakati wake, na iliwabeba wewe na mtoto. Na mtoto wa sili, siku zake za kwanza, manyoya yake hayazuii baridi ya maji. Akitumbukia mapema hawezi kuishi. Niliwaandikia wenzangu, wakajibu kwamba hakuna meli karibu, tungoje. Nikangoja. Ningefanya nini kutoka Ruring'u? Kipande kile cha barafu kilizidi kwenda mbali, na simu ya shemeji ikaingia kwamba Wairimu ameanza kuumwa, wako njiani kwenda hospitali.

Kulipokucha, habari zikaja zote pamoja. Umezamia. Kina kirefu, tena, na tena, mbali kabisa na mahali barafu ilipoonekana mara ya mwisho. Mama anayenyonyesha mtoto wa siku chache hazamii hivyo. Huyo alikuwa anakula kama mtu asiyesubiriwa na yeyote huko juu.

Nilikuwa bado nimeshika kichwa simu ilipolia. "Ni msichana," Wairimu akasema, amechoka, mvua ikivuma nyuma yake. "Mama yuko wapi leo?"

"Anaogelea."

"Yuko hai?"

"Yuko hai," nikasema.

Akalia kwa furaha. Nikamsikia akimwambia nesi jina: Nyawira, andika Nyawira. Hakuuliza habari ya mtoto wa yule mwingine. Hakuna aliyeuliza. Mwenyewe sikusema, na nyuma ya sauti yake nilikuwa namsikia wa kwetu akilia.

Jana nimeenda kumwona. Ana paji lako la uso, haki ya Mungu, na ile namna yako ya kukunja mdomo mtu akichelewa. Nilimpa kidole akakishika. Mkono wake ni baridi, Mama. Nesi alisema watoto wote huwa hivyo siku za mwanzo, nisihangaike. Tata Wangechi alikuwepo. Akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwambia, "Karibu, dada." Kisha akanigeukia. "Na yule mwingine?"

Nikasema yuko mbali.

"Mbali na nini?" akauliza.

Sasa nisikilize. Mwaka ukianza, yule sili atapukutisha manyoya yake kama wafanyavyo wote, na kifaa kitaanguka naye ataenda zake bila jina. Hiyo ndiyo siku ninayoingojea. Lakini kabla yake kuna majuma, na leo umo baharini, na umo Kutus kwenye shali ya manjano. Huyo wa baharini amepoteza mtoto. Nakuomba, kwa jina lile lile nililolichezea, usimtafutie mwingine huku. Kama ulikasirika, ulikasirika na mimi. Nipo. Mlango haufungwi.

Ulitaka niwe naangalia, na nitaangalia. Meza hii naihama. Kesho nakwenda Kutus na begi langu, nimemwambia Wairimu nataka kumsaidia na mtoto wake mkubwa. Ramani nimeikabidhi kwa wenzangu. Kila asubuhi nitashika mikono ya mtoto huyu mpaka ipate joto. Nitamuuliza yeye amelala vipi, amekula vipi. Hiyo nakuahidi, mpaka aweze kunijibu.

Kwaheri, basi. Ni mara ya mwisho nakuita Mama nikikuelekea wewe. Kuanzia kesho nitakuwa nikimwita yeye hivyo, kama ulivyoniita mimi Baba. Ukisikia sauti yangu, hata kama nimepaza, hata kama ni usiku na nalia, nyamaza. Nikiita Mama, mwache aitike yeye.

Baba yako,
Kiragu