Mpira wa Wilberth

Cozumel, Jumapili

Dada Fidelia,

Mama hajambo, anakuwekea tamale zako za unga wa mahindi. Upepo umetulia, bahari imefunguliwa tena kwa mashua.

Jana nilipiga mbizi kwenye matumbawe na Wilberth, yule wa mashua yetu. Tulishuka mpaka kule ambako hewa ya mtungi hulewesha kama pombe. Akatoa mpira wa akiba wa mtungi, ule mwembamba wa duara wa kuzuia hewa isivuje, akanivisha kwenye kidole cha pete. Nikaitikia kwa kichwa. Tulipoibuka ananiuliza, "We Nicté, mbona unacheka kama mwehu?" Hakumbuki kitu! Au niliota mimi? Maana hata mimi nilikuwa kina kilekile.

Mama asijue.

Leo Wilberth kapekua mashua nzima: "Jamani, nani kanichukulia mpira wangu?"

Mkono nimeuficha mfukoni.

Mdogo wako asiyejielewa,
Nicté