Tandika Mkeka Chumbani kwa Mama

Agatha mwanangu,

Nimeshuka Masasi kufuata chupa za chakula cha mama yako. Siku hizi zinauzwa kwenye duka la dawa la mtu binafsi. Kabla ya kugusa mpira wa dripu, nawa kwa sabuni. Maji ya kunawa usiyabanie, hata kama bomba halitoi. Mama akitetemeka kwa homa usinisubiri, mpeleke hospitali.

~~Chakula kapikieni kwa jirani, asisikie harufu.~~ Hapana. Pikeni hapa hapa.

Asubuhi mama yako alinikuta nyuma ya jiko natafuna muhogo wa kuchoma. Amekuja mwenyewe, chupa kaiinua juu kama taa!

"Baba Agatha, mbona mnakula kwa kujificha kama wezi?"

Nikamweleza kwamba tunamwonea huruma, maana yeye analishwa kupitia mshipa.

"Tumbo ndilo lililokataa chakula," akasema. "Mimi sijawakataa ninyi."



Basi leo pika kisamvu cha karanga, utandike mkeka chumbani kwake. Chupa itundike kwenye msumari. Akicheka mnavyotafuna, mwache acheke. Mnibakizie na mimi, nitakula mbele yake.

Baba yako