Papa, Moto Wako wa Maganda ya Muhogo

Papa, baba yangu uliye mbali,

Wiki iliyopita kina mama wa mtaa wetu, hapa komini ya Kisangani, waliniomba niwaandikie jinsi ya kupata gesi ya kupikia kutokana na takataka. Niliandika yote ninayoyajua. Nilipofika mahali pa kusema ni nani aliyenifundisha, kalamu ilisimama. Ndiyo maana nakuandikia wewe barua yako peke yako.

Ulirudi kutoka Yangambi mwaka ule wa uhuru. Wazungu uliokuwa ukiwasaidia kuandika kumbukumbu kwenye mashamba ya utafiti walikuwa wameondoka. Mama alitarajia ulete kitambaa. Wewe ulishuka kwenye boti na daftari lenye michoro ya shimo.

Shimo lenyewe ulilichimba nyuma ya jiko, ukalijengea kwa matofali na sementi. Mimi nilikusanya maganda ya muhogo yaliyobaki Mama akitengeneza kwanga zake, mikate ya muhogo ya kuuza. Wewe ulikwenda kwa jirani yetu Ramazani, mchinja mbuzi, kuomba kinyesi na uchafu wa matumboni. Maganda uliyakatakata, ukavikoroga vyote na maji mpaka vikawa uji, ukavimimina shimoni. Juu yake uliinamisha pipa, mdomo chini, na kutoka kwenye kitako chake ukavuta mpira wa kupitishia gesi mpaka jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliona aibu, kwa sababu wenzangu wa shule walipita kwetu wameziba pua. Watu walipokuuliza, hukukasirika.

"Kuoza vitaoza tu," ulisema. "Alors, basi, vioze kwa faida yetu."

Mama alikujibu mbele ya wote: "Mimi sitapikia batoto na moto ya mavi." Akaendelea na kuni zake na kikohozi chake.

Baada ya wiki kadhaa pipa likaanza kupanda lenyewe, likisukumwa na gesi. Ulipaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira ili uone panapovuja, ukatukataza kabisa kusogeza moto karibu na shimo. Kisha ukawasha jiko. Moto ulikuwa mdogo, wa buluu, bila moshi. Ulichemsha maji, ukampelekea Mama chai. Kikombe alikimaliza.

Miaka michache baadaye waasi waliingia mjini. Mitumbwi ya kuni ikaacha kuvuka mto, na baadhi ya wanawake waliokwenda kuokota msituni hawakurudi. Hapo ndipo Mama alipohamia kwenye jiko lako bila mtu kumwambia. Majirani walileta maganda yao, nao wakachemsha maji ya watoto wao kwetu. Tope lililotoka shimoni ulilimwagia lengalenga, mchicha wetu wa uani, na soko lilipokuwa tupu sisi tulikula mboga. Kifua cha Mama kilipoa. Nakumbuka nilikuwa na fahari juu yako, na fahari ile ndiyo iliyonifungua mdomo siku waasi walipokuja kwetu.

Walikuja wanne, mchana. Siku hizo mtu aliyewahi kufanya kazi ya kuandika kwa Wazungu alitazamwa kama adui, na kuna mtu alikuwa amewaambia kwamba wewe una mashine uani. Walikupigisha magoti kando ya shimo. Mkubwa wao aligusa mpira kwa mtutu wa bunduki.

"Hii ni ya kusemea na Wazungu?"

"Hapana, chef. Ni ya kupika."

Hakuamini. Uliomba ruhusa, ukaenda kuwasha jiko, ukarudi ukapiga magoti tena pale pale. Walichungulia ule moto jikoni. Mmoja alisema kwamba ni uchawi, na bunduki yake ikainuka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba. Nikasema, "Papa anajua kutengeneza kubwa kuliko hii. Hata ya kupikia kambi muzima."

Mkubwa aligeuka akanitazama, kisha akakutazama wewe. Akakuuliza kama ni kweli. Ukasema ni kweli. Wakakuchukua pamoja na daftari lako, mkavuka mto kwenda ng'ambo, upande wa Lubunga.

Mtu aliyetoroka kambini alituambia kwamba uliwajengea shimo na kwamba liliwaka. Ndege zilipowaleta askari mjini na wale waasi wakakimbia, walikukokota pamoja nao kwenye barabara ya Opala. Baada ya hapo hakuna aliyekuona. Tulingoja, halafu tukazoea kutongoja.

Mama alililisha shimo lako kwa miaka mingi, mpaka pipa likaliwa na kutu. Nilipokuwa mwalimu nilimnunulia lingine. Vita vingine vilipofika mjini, nami nikiwa mtu mzima, uani petu palijaa tena sufuria za majirani. Sikuwahi kumwambia mtu kile nilichosema mlangoni. Nilidhani ni mimi na wewe tu tunaojua.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilimwambia. Alikuwa amelala akitazama ukuta. Alisema, "Nilisikia siku ile ile. Nilikuwa ndani, nyuma yako. Bunduki ilikuwa imeinuka, we mutoto. Maneno yako ilimupatia siku zingine."

Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Nimepima maneno yake mara nyingi na sijafika popote. Ninachojua ni kwamba siku hizo, ziwe ngapi, ulizitumia kukoroga na kujenga, kazi uliyoipenda, kwa watu ambao hukuwachagua.

Kwenye karatasi ya kina mama nimeandika jina lako.

Pumzika popote ulipo, Papa.

Mimi binti yako, niliyesimama mlangoni