Mapengo Niliyoyaziba Nyakabere

Uvira, tarehe 14 Septemba

Yaya Josée, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote. Mguu wako umepona? Sisi tuko wazima, ila Sofia anakohoa kwa vumbi la barabara hii.

Nimesikia kwamba ninyi akina mama wa kikundi chenu hapo Kamanyola mmeng'oa mihogo ili mpande muwa wa baba, ile aina ya kienyeji aliyotuachia. Ndiyo maana naandika haraka, yaya: msipande.

Unaijua vita yangu. Nilisimama mkutanoni nikawaambia watafiti kwamba wanatuletea miwa ya kigeni kana kwamba babu zetu walitafuna nyasi. Nikapiga kelele redioni. Agronomu Chance, mtaalamu wao wa kilimo, alicheka, akasema kama mimi ni wakili wa muwa, basi nimlete mteja wangu shambani. Wakaupanda pamoja na aina nyingine tano, mahali patatu: hapa kando ya ziwa, Nyakabere na Mulenge, waone ni upi unaosimama vizuri kila mahali. Nyakabere nikakabidhiwa mimi.

Mwezi wa pili, chumvi ya ardhi ile ikaanza kuua muwa wa baba. Machipukizi yakakauka mstari mzima. Baba alitufundisha kwamba mkulima akiona pengo hupandikiza. Lakini Chance alikuwa ametukataza waziwazi, akasema pengo ni jibu, liachwe lihesabiwe. Nikapandikiza, yaya, mara tatu, kwa miche ya bustani yangu. Mapengo ya aina nyingine sikuyagusa. Matokeo yakatoka: muwa wa baba ni imara kote. Chance aliniomba radhi mbele ya watu, nami nikaipokea radhi hiyo huku nimeinua kichwa.

Ardhi yenu ina chumvi ileile. Muwa huo utakufa kama ulivyokufa Nyakabere, na mihogo hamna tena.

Jana nilimweleza Chance yote. Nilitaka anitukane, ningejua la kumjibu. Akaniuliza tu ni familia ngapi zilizong'oa mihogo. Sikujua.

Miaka ishirini nimewaita wengine waongo. Jumapili mkikutana, wasomee akina mama barua hii yote, usiruke mstari kwa kuwa mimi ni mdogo wako. Jumatatu nitafika mwenyewe na vipando vya mihogo, kadiri nitakavyopata. Wakikataa kunisalimia, usiwasihi.

Mbusu mtoto wa mwisho, na shemeji umwambie namheshimu.

Mdogo wako,
Mathieu