Watu wa Kazini kwa Kendi

Jumatatu, Mitunguu. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo hakuna. Migomba imenyauka, na mimi pia.

Alhamisi tulimzika Baba Kendi. Alizikwa vizuri, hilo naliandika kwanza. Chakula kilitosha mpaka waliokuja kula tu wakabeba kingine.

Lakini kuna jambo limenikwama kooni.

Kendi wangu, mtoto wangu wa pekee, anafanyia kampuni kubwa kazi ya kompyuta akiwa chumbani kwake hapa nyumbani. Hakuna mama kanisani asiyejua. Nimewaambia wote, wengine zaidi ya mara moja. Mimi niliishia darasa la nane nikazaa mtu anayeongoza watu wa Nairobi na ng'ambo bila hata kuvaa viatu!

Sasa kwetu, mtu wa ofisi akifiwa, ofisi inakuja. Basi linajaa, na mkubwa wao anamsifu mfanyakazi wake mbele ya kijiji kizima. Kwa hivyo niliiambia kamati ya mazishi hema la mbele liachiwe watu wa kazini kwa Kendi. Wakulima waliouza ndizi na mume wangu miaka yote, nikawapeleka nyuma, juani.

Kendi alinivuta jikoni. "Mami, kamati ya kusaidia waliofiwa ilikuwa ya ofisi. Walipofunga ofisi ili kila mtu afanyie kazi kwao, nayo ikafa. Meneja wangu ako nchi nyingine. Tunawekwa kikundi kwa kazi moja, ikiisha tunatawanywa. Hakuna mtu wa kuja."

"Watu wa heshima hawakosi mazishi," nikamwambia. "Wewe waambie tu."

Aliwaambia. Wakatuma picha ya ua la waridi kwa simu. Hata hivyo sikubadilisha programu.

Siku yenyewe mzee wa kanisa akasoma programu: "Wenzake Kendi kazini, karibuni mbele."

Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Kendi akainuka peke yake, akashika maikrofoni, akasema, "Ni mimi tu." Akaketi.

Nyuma yangu jirani yangu Mama Mwenda akanong'ona, "Kwani hiyo ofisi ni ya majini?" Watu wakacheka chini chini, na kaburi liko wazi.

Nimemkasirikia Mama Mwenda tangu siku hiyo. Leo hasira imeisha. Imebaki hofu.

Leo Kendi amerudi kazini. Nikampelekea chai, nikamkuta kwa mkutano. Wamemtia kikundi kipya, na meneja mwingine. Huyo meneja akamwuliza kwa furaha, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nakielewa, likizo ilikuwaje.

"Nzuri," mtoto wangu akajibu, akatabasamu.

Simlaumu huyo meneja. Nani angemwambia? Wamepanga kazi yao vizuri sana, kila kitu kina mtu wake, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kujua kwamba Kendi amefiwa.

Nikaweka chai mezani, nikatoka polepole.

Kesho nitaenda kwa wale wakulima kuomba msamaha. Nitaenda na Kendi, apende asipende, wamjue yeye mwenyewe, sio sifa ninazompa tu. Sijui kama watatupokea.

Baba yake ameshaenda. Siku yangu ikifika, nani atamshika mkono?