Kadi Bado Ina Jina Lako

Baba,

Pikipiki yako imerudi nyumbani Mwamkulu salama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujaniuliza kama mimi mwenyewe nimefika.

Nilikwenda kwa shangazi. Tangu tukuzike hakuna aliyekuwa amemwambia. Kaka walitaka kupiga simu kwa jirani yake kule ng'ambo ya mpaka, Mama akakataa. Alisema dada hapewi msiba wa kaka yake kwenye simu, anapelekewa nguo ya marehemu. Akanitazama mimi. "Aliyefundishwa pikipiki na marehemu ni huyu. Aende huyu."

Nikafunga koti lako la kahawia kwenye begi. Nikabeba na simu yako, shangazi aone picha. Asubuhi nikagonga tanki mara mbili kama ulivyozoea, nikaondoka. Uvinza mvua ilininyeshea. Kasulu nililala, baridi ile uliyokuwa unaisimulia nikaiona. Kwenye milima nilikusikia: "Mlima haushindwi kwa mafuta, unashindwa kwa gia." Nilipunguza gia, Baba. Ilipanda.

Mpakani ofisa alishika kadi ya pikipiki, akasoma jina lako.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Neno la kumjibu lilikuwa moja tu, likanishinda. Nikasema, "Yupo nyumbani."

"Basi mpigie, aniambie amekuruhusu."

Sijui kwa nini nilipiga. Nilibonyeza namba yako, nawe ukaita ndani ya begi, kwenye mfuko wa koti, ule mlio wa jogoo tuliokuwa tunaucheka. Uliita mpaka ukakatika wenyewe. Ofisa akatazama begi, akanitazama mimi.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Lakini pikipiki ya marehemu haivuki bila karatasi za mirathi."

Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria hiyo kadi. Tulifikiria koti, tukafikiria mafuta na tairi la nyuma. Nikaiacha pikipiki kwa mama mmoja anayeuza chai upande wetu, nikaweka kifuniko cha soda chini ya stendi isizame kwenye matope. Nikavuka kwa miguu, nikakodi bodaboda wa kule. Alishuka mlima wote kwa breki, zikanuka. Na ile kona uliyoniahidi, ile ambayo ziwa linatokea lote kwa mara moja, nimeiona nikiwa nyuma ya mgongo wa mtu nisiyemjua. Sikumwambia asimame.

Shangazi alikuwa uani anachambua maharage. Alinikumbatia, kisha akaangalia njia niliyotoka, akangoja. Nikashindwa tena. Nikatoa koti, nikampa kwa mikono miwili.

Alikaa chini nalo. Akafunga vifungo kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, kama anamvalisha mtoto wa kwenda shule. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kisha akauliza, "Na ile pikipiki yake aliyokuwa ananisifia kila akipiga simu, iko wapi?"

"Wameizuia mpakani."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, shangazi. Mwenyewe amefariki."

Ndivyo nilivyolisema, Baba, kama habari ya pikipiki. Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine ya kulitoa.

Alilia na koti mapajani. Asubuhi wakati naondoka alisema neno moja tu: "Ilete niiguse."

Sasa tunakwenda mahakamani kufungua mirathi. Kaka wamekubali kadi iandikwe jina langu. Kila nikiishika nasoma jina lako, nairudisha kabatini. Lakini nitaipeleka. Lisipotoka jina lako, dada yako hataiona.

Ikiwa tayari nitarudi kule nikiwa naendesha mwenyewe. Kwenye ile kona nitasimama, nizime injini, nikae kidogo kwa ajili yako. Kisha nitagonga tanki mara mbili, niteremke kwa gia.

Pumzika, Baba. Nimeifuta matope yote.

Binti yako